Kusoma mpinzani kwenye mpira wa wavu: jinsi ya kufika kabla ya mpira

Kila timu iliyodumu ina mchezaji mmoja ambaye magoti yamechoka. Haruki tena kama zamani, na ukimshindanisha mbio na vijana ataachwa nyuma. Lakini mpira ukipigwa, unamkuta amesimama pale pale unapoangukia. Vijana humtania kwamba mipira inampenda. Nimecheza na watu wa namna hiyo, na kwa muda mrefu niliamini wana macho makali kuliko yangu. Siku moja baada ya mchezo nikamuuliza mmoja wao alijuaje kwamba mshambuliaji wa upande wa pili angebetua, yaani kuugusa mpira taratibu uanguke karibu, badala ya kupiga kwa nguvu. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Sasa angefanya nini kingine?"

Sikulielewa jibu lile siku hiyo. Yeye hakuwa anakisia kitakachotokea. Alikuwa anafuta kisichowezekana. Kabla mpira haujavuka wavu alikuwa ameshafuta kichwani mambo matano, akabaki na mawili, na kati ya hayo mawili akasimama. Mimi nilikuwa nayasubiri yote saba kwa pamoja, ndiyo maana nilichelewa yote.

Mwongozo huu unafundisha kufuta: nini cha kutazama, kwa mpangilio gani, na namna ya kujizoeza ili usingoje miaka 10 kuupata uzoefu huo. Umeandikwa kwa anayeokoa mipira nyuma na anayepanga ukuta mbele, ule wa wanaoruka wavuni kuuzuia mpira kwa mikono. Anayeanza kabisa, ambaye mkono bado haujaujua mpira, aanze na mpira kwanza.

Kwa nini macho peke yake hayatoshi

Upande mmoja wa kiwanja ni mita 9 kwa 9. Mlinzi wa nyuma husimama kama mita 7 kutoka kwenye wavu. Smashi yenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa, ambayo si ya ajabu, husafiri mita 25 kwa sekunde. Gawanya: humfikia ndani ya sekunde 0.28 hivi. Sasa, mwili wa binadamu huchukua takriban sekunde 0.2 kuanza kuitikia kitu unachokiona, na hapo ni pale ambapo jibu linajulikana na ni moja tu. Ukitoa hiyo, huna hata muda wa kupiga hatua moja kamili.

Mbaya zaidi, muda huo hurefuka kadiri chaguo zinavyoongezeka. William Hick alilipima jambo hilo mwaka 1952, na Ray Hyman akalithibitisha mwaka uliofuata: mtu anayengoja mambo mengi huchelewa kuitikia kuliko anayengoja machache. Kwa hiyo mlinzi anayesema "mimi niko tayari kwa lolote" amejichelewesha mwenyewe kabla mpira haujapigwa.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya filimbi

Kazi hii hufanyika mpira ukiwa bado mkononi mwa anayeanzisha, na watu wengi hawaifanyi kabisa. Jiulize swali moja: seta wao, yule anayewapangia washambuliaji mpira, yuko mbele au nyuma?

Nafasi zinajulikana: 1 ni nyuma kulia, 2 mbele kulia, 3 mbele katikati, 4 mbele kushoto, 5 nyuma kushoto, 6 nyuma katikati. Seta akiwa 2, 3 au 4, timu yao ina washambuliaji wawili tu mbele, na yeye mwenyewe anaruhusiwa kuusukumia mpira kwenu kwa mguso wa pili. Akiwa 1, 6 au 5, wana washambuliaji watatu mbele, lakini seta huyo akiwa ndani ya mstari wa mita 3 (uliochorwa mita 3 kutoka kwenye wavu) haruhusiwi kuuvusha mpira ambao wote uko juu ya ukingo wa wavu. Kanuni imeshakufutia jambo moja bila jasho. Bado utawaona walinzi wakirukia ujanja wa seta ambaye kisheria hawezi kuufanya, huku mshambuliaji wa pembeni akipiga penye pengo walilouacha.

Mwambie mwenzako kwa sauti: "Seta mbele, wawili!" au "Seta nyuma, watatu!" Kulisema kunakulazimisha uwe umeangalia.

Kisha watafute wanaoweza kupiga kutoka nyuma. Hao lazima waruke wakiwa nyuma ya mstari wa mita 3, kwa hiyo shambulizi lao hutoka mbali na wavu, na ukuta wenu una nafasi nzuri zaidi ya kujipanga.

Hatua ya 2: Mpira wao wa kwanza

Sevu yenu, yaani mpira wa kuanzisha, ikishavuka, mtazame anayeipokea kwa kitambo kifupi tu, mpaka ujue mpira unakwenda wapi. Hapa ndipo unapofuta mengi zaidi kwa mara moja.

Mpira ukimfikia seta karibu na wavu, juu, yeye akiwa amesimama: usifute kitu. Hapo anaweza kumpa yeyote, na mtu wa katikati ndiye hatari ya kwanza kwa sababu mpira wake hukaa hewani kwa muda mfupi mno.

Mpira ukimvuta seta mpaka mita 3 au zaidi kutoka kwenye wavu: mpira wa haraka wa katikati unakaribia kufa. Timu za juu kabisa bado huujaribu, nyingine karibu zote huuacha. Mtu wako wa kati wa ukuta anaweza kuanza kusogea pembeni bila woga.

Mpira ukimlazimisha seta kupanga kwa mikono ya chini: sasa kilichobaki ni mpira mrefu wa pembeni, mara nyingi kuelekea upande anaoutazama. Mpira unaopanda mita 3 juu ya mikono ya seta hukaa hewani kama sekunde moja na nusu. Huo ni muda wa kutosha wa watu wawili au watatu kuufikia ukuta, na wa walinzi wa nyuma kuchagua pa kusimama. Ukiona timu inakimbia ovyo kwenye mpira kama huo, jua haikusoma mguso wa kwanza.

Kuna hali moja ambayo wazoefu huifurahia. Seta akiokoa mwenyewe mpira wa kwanza, mara nyingi libero, yule mlinzi maalumu wa nyuma, ndiye anayepanga. Libero akipanga kwa vidole akiwa ndani ya eneo la mbele, mshambuliaji haruhusiwi kuupiga mpira huo ukiwa juu ya wavu. Kwa hiyo tazama miguu ya libero: ataruka kutoka nyuma ya mstari, au atatumia mikono ya chini. Vyovyote vile, mpira wa haraka haupo tena.

Hatua ya 3: Uache mpira, mtazame seta

Hii ni ngumu kwa sababu macho yanaupenda mpira. Ukitoka mikononi mwa mpokeaji na kuanza kupanda, hauna habari mpya ya kukupa. Utapanda na kushuka kama mipira yote. Habari iko kwa seta anayeungoja.

Mwaka 1980 Fran Allard na Janet Starkes waliwaonyesha wachezaji wa wavu picha kwa muda mfupi sana na kuwauliza kama mpira umo. Wachezaji waliutambua haraka kuliko wasiocheza. Mimi nalisoma jambo hilo hivi: mzoefu hahitaji kuutumikia mpira kwa macho muda wote. Anaweza kuuacha, akatazama mengine, na kuupata tena atakapouhitaji.

Kwa seta, tazama vitu vitatu. Cha kwanza ni mahali mikono inapokutana na mpira. Akiupokea mbele ya paji la uso, anaelekea kuusukuma mbele. Ukiwa juu ya utosi au nyuma kidogo, na kiuno kinasogea mbele huku mgongo ukipinda, mpira unarudi nyuma yake. Cha pili ni miguu: seta anayekimbia kuelekea upande mmoja mara chache hutupa mpira mzuri wa haraka kinyume na mbio zake. Cha tatu, akiwa mbele, ni mkono mmoja unaopanda peke yake na jicho linaloiba upande wenu. Hapo jiandae kwa ujanja wa mguso wa pili.

Seta mzuri huficha yote hayo. Huchukua kila mpira mahali pale pale juu ya kichwa na kuachia mwisho kabisa. Kwa seta wa namna hiyo usipoteze nguvu kusoma mikono, soma tabia. Mshambuliaji wake akizuiwa, je, humrudishia mpira papo hapo ili kumpa moyo, au humficha kwa pointi mbili tatu? Mambo yakifika 23 kwa 23, humtafuta nani? Watu wengi chini ya shinikizo hurudi kwa wanachokiamini, na seta ni mtu.

Hatua ya 4: Uache mpira tena, msome mshambuliaji

Mpira umetoka kwa seta. Utazame kwa muda wa kujua unakwenda wapi, urefu wake, na umbali wake kutoka kwenye wavu. Kisha uache tena. Nimeona walinzi wazuri wa mikono wakiharibikiwa hapa mwaka baada ya mwaka: wanaufuata mpira kwa macho mpaka unapigwa, na mpigaji hawakumwona kabisa.

Anza na uhusiano wa mpira na wavu. Mpira ulio karibu mno na wavu humnyima mpigaji nafasi ya kuzungusha mkono wake wote. Ataupiga chini kwa mwinuko mkali, atautumia ukuta wenu ili mpira utoke nje, au atabetua. Kwa mpira huo sogea mbele. Mpira ulio mita 2 au zaidi kutoka kwenye wavu hauwezi kupigwa chini karibu. Lazima usafiri, na mara nyingi hufuata uelekeo wa mbio za mpigaji. Kwa huo rudi nyuma. Mabadiliko hayo mawili peke yake, mbele kwa mpira wa karibu na nyuma kwa mpira wa mbali, yatakuongezea mipira mingi ya kuokoa kuliko mazoezi ya mwezi mzima ya kujirusha chini.

Kisha uhusiano wa mpira na bega. Mpira ulio mbele ya bega linalopiga unampa mpigaji kila kitu. Ukiwa umempita kichwani, au uko nyuma yake, nguvu imepungua na mkono lazima uupindie mpira, kwa hiyo tegemea mpira wa polepole au wa kona moja tu. Mpigaji anayeruka mapema na kuungoja mpira hewani hawezi kuupiga kwa nguvu. Yule mzee wa magoti mabovu aliona hilo tu: jamaa aliruka mapema, mpira ukawa nyuma ya kichwa, angefanya nini kingine?

Halafu mbio zenyewe. Anayetumia mkono wa kulia na kushambulia kutoka nafasi ya 4 hupiga mshazari, yaani kuukata kiwanja kutoka kona hadi kona, kwa urahisi zaidi, kwa sababu mbio zake zinamwelekeza huko. Ili apige laini, yaani sambamba na mstari wa pembeni, lazima kitu kibadilike: aanzie ndani zaidi na kukimbia moja kwa moja kuelekea wavuni, au mabega yafunguke mwishoni. Tazama hatua yake ya kabla ya mwisho. Ikiwa ndefu na nzito, ana nia ya kupiga. Ikiwa fupi, ya kusitasita, kuna jambo: amechelewa, amewahi, au amekusudia kubetua.

Mwisho kabisa, kiwiko na mkono wa pili. Kiwiko kinachorudi nyuma na juu huku mkono wa pili ukielekeza mpira ni smashi. Kiwiko kinachoshuka, au mkono unaokuja taratibu huku kiganja kikifunguka, ni mpira wa kubetua. Ishara hii huja kwa kuchelewa sana na haitoshi peke yake, lakini kama tayari umebaki na mambo mawili, inatosha kuchagua moja.

Wa ukuta wanayasoma haya haya kwa tofauti moja: wanapaswa kuamua mapema kuliko mlinzi wa nyuma, maana lazima waruke. Kwa hiyo mpangilio wao ni mpira, seta, mpira, mshambuliaji. Ukuta ukishafunga laini, wa nyuma afute laini. Anayebaki amesimama nyuma ya mikono ya wenzake, mahali ambapo mpira hauwezi kupita isipokuwa kwa kubetua, amepoteza nafasi yake bure. Ukuta na walinzi lazima wawe wamekubaliana kabla: sisi tunaziba nini, nyinyi mnachukua nini.

Hatua ya 5: Simama

Mkono unapokutana na mpira, miguu yako iwe imetulia, uzito ukiwa mbele kidogo, magoti yamelegea. Ukiwa bado unakimbia kuelekea mahali sahihi, ni bora usimame mahali pasipo sahihi sana. Anayesonga kwenda kulia hawezi kurudi kushoto. Aliyesimama anaweza kwenda popote kwa hatua moja. Wengi wanaojisifu kwa kusoma mchezo huharibikiwa hapa: wameona vizuri, wamekimbia vizuri, wakakutwa njiani.

Sevu nayo inasomwa

Kupokea sevu kunampa mtu muda mwingi zaidi. Baada ya filimbi anayeanzisha ana sekunde 8, na sekunde hizo ni zako pia. Amesimama wapi kwenye upana wa mita 9 wa mstari wa nyuma? Anamtazama nani? Ametupa mpira upande gani wa mwili? Mpira uliotupwa mbele sana humlazimisha aufuate, na mara nyingi hutoka wa chini na mrefu. Nyonga na mabega huelekeza zaidi kuliko uso, kwa hiyo usiamini macho yake. Mkono unaosimama ghafla baada ya kugusa mpira, bila kuendelea kushuka, umetoa mpira unaoelea, usiozunguka, ambao utayumba njiani. Uuendee mapema, usiusubiri uyumbe.

Mwaka 2012 Cosimo Urgesi na wenzake nchini Italia waliwaonyesha watu video za sevu za kuelea zilizokatwa katikati na kuwataka waseme mpira utaangukia wapi. Wachezaji waliweza kuanza kutabiri kwa kuutazama mwili wa anayepiga. Mashabiki, hata waliotazama mechi nyingi, walihitaji kuuona mpira ukisafiri. Kisha wakawafundisha vijana kwa njia mbili. Waliofanya mazoezi ya kupiga wenyewe waliboresha kusoma mwili. Waliojifunza kwa kutazama tu waliboresha kusoma njia ya mpira.

Ukitaka kumsoma anayepiga, basi, jifunze kupiga anachopiga. Libero asiyewahi kupiga sevu ya kuruka anaisoma kama mtu anayesoma barua kwa lugha ya jirani. Mpe mipira 20 kila wiki aipige hata vibaya. Seta naye akae kwenye ukuta, mshambuliaji apange. Makocha wengi huona ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo njia fupi.

Kukusanya uzoefu bila kungoja uzee

Miaka kiwanjani haimpi mtu uzoefu yenyewe. Nimewaona waliocheza miaka 15 wakisoma mchezo kama waliocheza miwili, kwa sababu hawakuwahi kukisia jambo na kisha kujua kama walikosea. Unahitaji mambo matatu kwa pamoja: kuona ishara, kuamua, kupata jibu. Likikosekana moja, unapitisha siku.

*Kukisia kwa sauti.* Kwenye mazoezi ya kawaida ya sita kwa sita, mtu aliye nje atamke anachodhani kabla mpira haujapigwa: "mshazari", "laini", "betua". Akichelewa, haihesabiki. Mwanzoni ni kichekesho, kila mtu anakosea. Baada ya majuma machache sauti zinaanza kutangulia mpira, na mtu huyo akirudi ndani ya kiwanja anasogea bila kutamka.

*Video ya kusimamisha.* Rekodi mechi kwa simu ukiwa nyuma ya mstari wa mwisho, si pembeni, kwa sababu kutoka pembeni unaona jinsi mshambuliaji alivyo mbali na wavu lakini huoni anakoelekea. Simamisha picha mara mkono unapokaribia kugusa mpira. Sema mpira unakwenda wapi. Achilia. Ukishapata nyingi, simamisha mapema zaidi: mshambuliaji anapoinuka, kisha seta anapogusa. Watafiti wametumia njia hii kwa miongo mingi kupima wachezaji wa michezo mbalimbali. Wewe itumie kujifundisha. Dakika 15 zinatosha, zikizidi unaanza kutazama mechi kama shabiki.

*Daftari.* Chora mstatili mdogo wa kiwanja kwa kila mzunguko wao, yaani kila mpangilio wa nafasi zao, sita kwa jumla, na mshale kwa kila shambulizi. Usiandike maelezo, mshale tu na alama ya pointi. Lakini uwe mwangalifu: mishale mitatu kwenda upande mmoja si tabia, inaweza kuwa bahati. Subiri ifike saba au nane ndipo uanze kuiamini.

Na sasa zoezi ninalolipinga, ingawa liko kila mahali: kocha anapanda juu ya sanduku karibu na wavu na kupiga mipira kwa walinzi, mmoja baada ya mwingine, mpaka wachoke. Mikono inafaidika, sibishi. Lakini pale hakuna mpokeaji, hakuna seta, hakuna mbio, hakuna bega linaloinuka. Ishara zote nilizozitaja zimeondolewa. William Chase na Herbert Simon walionyesha mwaka 1973 kwamba mabingwa wa chesi hukumbuka kwa haraka mpangilio wa vipande uliotoka kwenye mchezo halisi, lakini vikipangwa ovyo ubora wao karibu wote hupotea. Akili ya mzoefu imejengwa kwa mpangilio wa mchezo wenyewe. Ukimpa mipira isiyo na mpangilio, unafundisha mikono tu. Ukitaka kulinda zoezi hilo, mlete seta, mlete mshambuliaji mwenye mbio, hata kama mipira mizuri itapungua.

Uzoefu unapokudanganya

Kufuta kuna hatari yake: unaweza kufuta kilichopo.

Wanaotumia mkono wa kushoto ndio mfano mkubwa. Florian Loffing na wenzake nchini Ujerumani walionyesha mwaka 2012 kwamba uelekeo wa smashi za wanaotumia mkono wa kushoto ni mgumu zaidi kutabiri, na sababu haiko mbali: tumekutana nao wachache. Ishara zile zile zipo, zimegeuzwa kama kwenye kioo. Kwa mshambuliaji wa namna hiyo akiwa nafasi ya 2, mfikirie kama wa kulia aliye nafasi ya 4. Na ukiwa na mmoja kwenye timu yako, usimwache apige kwa wapinzani peke yao, mfanye awapigie walinzi wenu kila mazoezi.

Hatari ya pili ni kumsoma mtu uliyemjua msimu uliopita. Bega limeuma, kocha amebadilika, amejifunza kupiga laini. Nakiri kosa langu mwenyewe hapa: niliwahi kuziba mshazari seti nzima kwa mshambuliaji ambaye daftari langu lilisema hupiga mshazari, naye akanipiga laini mara kwa mara, mpaka mwenzangu akaniuliza namlinda nani. Kwa hiyo kila mechi ianze na daftari kama dhana. Likikosea mara mbili mfululizo kwa mtu mmoja, lifunge na uamini macho.

Hatari ya tatu ni kwenda mapema. Mshambuliaji mzoefu naye anakusoma. Akiona mlinzi wa laini amesogea ndani kabla hajapiga, mkono wake una nafasi ya kugeuka. Unachokijua kifiche mpaka atakapokuwa hewani na mkono umeanza kuja. Kabla ya hapo badilisha uzito wa mwili, usibadilishe mahali.

Jipime pia kutoka upande wa pili. Mwombe mwenzako asimame nyuma ya mstari wenu wa mwisho wakati unashambulia, ataje unachotaka kufanya kabla hujagusa mpira. Kama anapata mara sita kati ya kumi, kuna kiungo kimoja kinachokusaliti. Mara ya kwanza kwangu kilikuwa mkono wa kushoto: nikitaka kubetua ulikuwa haupandi kabisa, na kila mtu aliyenijua alikuwa analiona hilo isipokuwa mimi.